Dumu Lililojaa Pomoni

Jumatatu, 3 Machi
Mji huu ungekauka kama si mimi. Mabomba yote ya maana nimeyalaza kwa mikono hii – hata meya akioga, ni mimi! Na sasa namwokoa dada yangu. Figo zake zote mbili zimechoka, mashine ndiyo inamchujia damu. Nimetangaza mbele ya ukoo mzima: chukueni yangu! Shemeji akacheka, eti figo zangu zina kutu. Nikamwambia kutu iko kichwani kwake.

Jumatano, 5 Machi
Kliniki na dada. Muuguzi katuonyesha picha ya figo ukutani. Mama yangu! Ndani ya figo moja mna vijibomba kama milioni, vinaitwa nefroni. Mwanzoni pana fundo la mishipa myembamba. Damu inasukumwa kwa presha, maji na vitu vidogo vinapenya, chembe za damu na protini zinabaki. Chujio safi! Lakini subiri – bomba halimwagi ovyo. Linajikunja, linashuka, linapanda, na njiani linarudisha vya maana kwenye damu: sukari yote, chumvi, maji karibu yote. Kwa siku zinachujwa lita mia na themanini, unakojoa moja na nusu! Na taka iliyoponyoka chujio, kama dawa na asidi, kuta za bomba zinaichomoa kwenye damu na kuitupia ndani. Fundi gani huyo! Nikabaki mdomo wazi. Dada akaninong'oneza nifunge, nzi wataingia.
Nimepewa dumu. Kesho nikusanye mkojo wote, mchana na usiku, tone lisipotee. Wanataka kujua figo zangu zinatoa taka kiasi gani.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepeleka dumu. Limejaa hadi shingoni! Mpokeaji kauliza, mzee, umekojoa peke yako? Nikamjibu, simba hasaidiwi.

Jumanne, 11 Machi
Daktari kakunja uso. Taka iliyomo dumuni ni nusu ya inayotakiwa. Kauliza kama kuna mkojo niliopoteza. Nikaapa – dumu si lilijaa, daktari? Basi, kasema, huenda figo zako hazisafishi vizuri, hatuwezi kukutoa moja. Shemeji hakucheka. Dada kanishika mkono: usijali, mdogo wangu, wewe ulikuwa tayari, inatosha.
Haitoshi! Hakuna mwingine mwenye damu ya kulingana naye.

Jumatano, 12 Machi
Dada yuko kwenye mashine, kajifunika shuka hadi kidevuni. Binti yake kaniuliza: Mjomba, kweli figo zako ni mbovu? Nikajifanya nimepigiwa simu.
Sasa niko benchi, nje ya mlango wa daktari. Mbele yangu kabaki mama mmoja. Ngoja nijaribu kwa kalamu kwanza.
Daktari, figo zangu hazina kosa. Alhamisi kutwa nilikuwa juu ya paa la watu nafunga tangi, dumu liko nyumbani. Kila nilipobanwa nilimalizia kwenye mfereji wa mvua. Jioni nikalitazama dumu – nusu tu! Mimi, na maneno yangu yote yale. Nikaona haya.
Nikalikinga bombani.