Sajini Hauzwi kwa Bei ya Kutupa

Katandala,
Sumbawanga.
Alhamisi, 12 Juni 2025.

Mpendwa kaka Ignasi,

Shikamoo. Sasa hivi, hata sijaandika jina lako, mpwa wako Lucia amelilaza gunzi lake la mahindi ndani ya boksi la gemu la marehemu baba. Amelifunika na soksi yake moja, halafu akaniwekea kidole mdomoni nisije nikaliamsha. Nimemtoa taratibu, nikampa boksi la sabuni amlaze mtoto wake humo. Amelia kidogo. Sasa ametulia, ndiyo na mimi nimepata nafasi ya kushika kalamu.

Hujambo lakini? Kile kikohozi cha vumbi la saruji kimekuachia? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima kabisa. Baridi ya mwezi huu unaijua mwenyewe, baba Lucia anaendesha bodaboda amevaa makoti mawili na bado anarudi meno yanagongana. Mama yuko Kasense anavuna. Magoti yanamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa.

Nakuandikia barua kwa sababu simu unakata. Nikifika tu kwenye neno gemu, unasema mtandao mbaya. Barua haina pa kukatia, kaka, itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Jumanne nilikuwa nasonga ugali, akapiga yule Bwana Wiliam wa Mbeya anayekusanya magemu ya zamani. Akasema, "Dada, tumeshamaliza. Kaka yako mkubwa amekubali laki na nusu. Jumamosi nakuja kuchukua." Mwiko ukasimama wenyewe kwenye sufuria. Kosa ni langu, namba yako nilimpa mimi, kwa heshima, nikijua vitu vya marehemu haviuzwi bila mtoto wa kwanza kuulizwa. Sikujua utajibu haraka hivyo. Sikumbishia, maana neno lako ni zito kuliko langu. Nikasema sawa, nikakata, nikakaa chini.

Ninachokuomba ni kimoja. Mpigie kabla ya Jumamosi, urudishe neno lako. Mwambie bei ataisema dada yako. Si kwamba nakushinda akili, ila wewe umeuza kitu ambacho hujakiona miaka mingi, na mimi nimekisoma.

Usicheke. Darasa la saba ni darasa la saba, lakini kusoma kitu kimoja kila siku, Lucia akilala, mtu anafika. Niliingia kwenye kundi la simu la hao wakusanyaji. Mwanzoni nilikuwa natazama bei wanazotaja, nikaona tumeshatajirika. Baadaye nikagundua kila mtu anataja anavyotaka, kama wachuuzi wa maharage asubuhi. Nikaanza kuwauliza waliokwisha kuuza: ulipewa ngapi mkononi? Hapo ndipo ukweli unapokaa. Kaseti tupu ya gemu hili letu la Sajini inakwenda bei ndogo tu. Yenye boksi ni nyingine kabisa. Yenye boksi na kile kijitabu chake cha maandishi ya Kijapani, mtu mmoja Arusha alipewa laki tisa mwaka jana.

Na yetu ina vyote. Wewe ulidhani imebaki kaseti peke yake. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka mama aliponipa boksi zima.

Nilimpelekea fundi redio Mayunga pale karibu na soko, ahakikishe si kopi. Unamkumbuka, mtani wetu Msukuma. Akafungua skrubu, akaangalia ndani kwa kioo cha kukuzia, akaichomeka kwenye mashine yake ya zamani. Kaka, ule mwezi wa kijivu ukatokea! Sajini akashuka kwenye chombo chake na zile nguo za chuma, akaanza kupiga wadudu wa chuma vilevile. Watu wazima wakajaa mlangoni. Mayunga akasema, "Orijino, tena nzima." Halafu akalinusa boksi, akapiga chafya. "Nyie Wafipa, hata gemu mnalikausha moshini kama samaki?" Nikamwambia, "Nyie mngelifunga kamba mkaenda nalo malishoni." Alicheka mpaka skrubu moja ikaanguka, tukaitafuta chini ya meza.

Lakini hilo la moshi ndilo Wiliam ameling'ang'ania. Kwenye picha nilizomtumia boksi limeiva, rangi imekuwa kama chai ya rangi. Anasema limeungua, ndiyo maana anatoa laki na nusu, tena kwa huruma. Nilipokwenda kwa mama kumuuliza, akanikemea: "Liungue wapi? Nililiweka darini jikoni na mbegu."

Ndivyo ilivyokuwa. Baba alipolinunua Kipili kwa yule baharia wa meli iliyotoka Mpulungu, akatoa baiskeli yake, mama alilia wiki nzima. Baba akamwambia hii ni mbegu, usiitazame kama chakula. Baadaye kile chumba ambacho baba alichezeshea watu gemu kwa pesa kilipofungwa, mama akafanya kinachofanyiwa mbegu. Akafunga kaseti na kijitabu ndani ya boksi, akaliweka juu ya mafiga pamoja na mahindi ya kupanda na ulezi. Kila mwaka akishusha mbegu analishusha nalo, analipangusa, analirudisha. Mchwa wamekula mlango wa stoo, wamekula na kabati la nguo. Boksi la Sajini hawakuligusa.

Kwa hiyo ule si uharibifu, kaka. Wale wenzetu wa kundini maboksi yao yaliliwa zamani. Letu lipo kwa sababu ya masizi. Wiliam mwenyewe alinishauri nilifute kwa sabuni na brashi. Sitalisafisha. Nilijaribu pembeni kidogo na pamba yenye maji, rangi ya chini ikaanza kutoka na masizi. Nikaacha hapo hapo. Ni alama kama kucha ya kidole kidogo na nitamwonyesha mwenyewe, sitaificha.

Sasa niseme lile lisilosemwa. Najua kwa nini unataka liondoke hata kwa bei ya kutupa. Unasema lile gemu lilikula mtihani wako. Labda. Mimi nilikuwa mdogo, nachokumbuka ni wewe kunipakata kwenye lile benchi, tumeshika pedi moja ya kuchezea watu wawili. Ulikuwa unaniambia, "Mimi napiga, wewe ruka." Nikichelewa kuruka Sajini anaanguka shimoni na hukuwahi kunigombeza hata siku moja. Wateja wakinung'unika unawaambia, "Mwacheni, anajifunza." Mtu wa namna hiyo mimi simwoni kama aliyeshindwa. Na magorofa ya Dodoma hayasimami kwa cheti cha darasa la saba, yanasimama kwa mikono yako.

Nikiuza vizuri, nusu ni yako, usikatae. Nusu yangu nanunua mashine ya kufuma masweta. Huku kila mwanafunzi anahitaji sweta, na yanayoletwa kutoka mbali yanafumuka kabla ya muhula kwisha. Nimeshajifunza kwa dada mmoja hapa mtaani, mikono yangu ina kasi. Shule mbili zimeniambia nilete mfano. Nilimweleza mama, nikiogopa atasema mbegu haiuzwi. Aliendelea kupepeta, halafu akasema, "Mbegu hailiwi. Lakini kukaa nayo darini mpaka ufe, huo nao ni uchoyo. Kapande." Basi mimi ruhusa ya mama ninayo, imebaki yako.

Uwasalimie wifi Luciana na wanao wote, mmoja mmoja kwa jina lake. Mwambie mzee Mboje, msimamizi wako, kwamba dada yako anamshukuru kwa kukuangalia ulipoumwa. Mama anakusalimu sana, anasema ule mboga za majani, siyo chipsi. Baba Lucia naye anakusalimu. Mungu akulinde huko juu kwenye majukwaa ya mbao, kila hatua unayokanyaga iwe imara.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye siku zote,
Winifrida (mama Lucia)

N.B. Kaka, nilikuwa sijaifunga hata bahasha, jirani yangu Rozina ananiita kwa juu ya uzio: "Mama Lucia! Toka huko, una mgeni! Kashuka na bajaji, ana begi kubwa, anauliza kwa mwenye gemu!" Ni yeye Wiliam. Amewahi siku mbili. Nadhani aliogopa utabadili neno.

Barua haitakufikia kabla hatujamalizana naye, na Felisian, dereva atakayekuletea, anaondoka na fuso la mahindi saa nane, kwa hiyo nampa hivi hivi, usome yaliyotokea kabla sijakusimulia mwisho wake. Usiwe na wasiwasi. Ona mwandiko, umenyooka. Nitampa chai kwanza, mgeni ni mgeni. Boksi nitaliweka mezani na masizi yake. Halafu nitamwambia kwamba kaka yangu alikubali kuuza kaseti, boksi na kijitabu hakuviona wala hakuviuza, na mwenye kuvijua vitu hivi ni mimi, kwa hiyo bei yake leo ni laki tisa, si laki na nusu.