Ukurasa wa Ine wa Barua ya Wilondja

Siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 2 Juni 1979

Wilondja anarudi. Kijana yangu anarudi, ameandika mwenyewe kutoka Korea. Nilikuwa naanika muhogo juu ya mawe, dereva wa kamyo ya Uvira akanipa barua. Muhogo nikaacha pale pale. Mbuzi zimekula. Zikule.

Nani mama mwingine ku Baraka hapa ziwani iko na mutoto ku Korea? Hakuna. Hata Fizi hakuna. Alianza na mashini za boti ku Kalemie, kampani ya meli ya Matadi ikamuchukua, ikamutuma kule mwaka muzima ajifunze mashini kubwa. Ni mimi nilimuzaa.

Kurasa ine. Tatu ni za Kiswahili, nazisoma pole pole, nilifika darasa la tano kwa bamisionari. Ya ine ni Kibembe. Kukisema ninakisema, kukisoma kinanishinda. Nimeona tu jina la Atosha, muchumba wake. Basi siku ya kufika iko humo. Baba yake hakuingia masomo hata kidogo. Mwalimu Etungano akitoka Fizi atanisomea.

Siku ya Mungu, tarehe 3 Juni

Ukurasa wa kwanza, mara tatu. Mji unaitwa Ulsan. Iko ku bahari, upande jua linatokea. Muto unashuka katikati, mianzi pembeni, unaingia ku ghuba. Milima inazunguka, upepo mubaya haufiki, na maji ni marefu mpaka karibu na inchi kavu. Ameandika: "Mama, ni kama Baraka, vile rasi ya Ubwari inatuzibia upepo." Nililia kidogo.

Nikawasomea bamama nyuma ya ibada. Mama Ebuela, jirani yangu mwenye mudomo, akasema: "Kama ni sawa na Baraka, alienda kutafuta nini mbali vile?" Bote bakacheka. Nimekasirika mpaka sombe yangu imeungua ku chungu.

Siku ya tatu, tarehe 6 Juni

Ukurasa wa pili na wa tatu. Hizi zinanichoma.

Mji ule hauna chuma ku udongo wake. Hauna mafuta. Chuma kinakuja na meli, mafuta yanakuja na meli kutoka kwa Baarabu. Banasafisha mafuta, banakata chuma, banakiunganisha kwa moto, inatoka meli ndefu kama toka kanisa mpaka soko. Banaiuzia batu ba mbali. Kumbe zamani ilikuwa vijiji tu vya bavuvi. Bavuvi bengine balitolewa ku pwani ili mahali pa kujengea meli papatikane. Sasa bazee bao bamekaa bure, na muto unanuka. Wilondja hakuficha hiyo. Hivyo ndivyo nilimulea.

Na siye? Lulimba batu banachimba zahabu, njia yake inameza kamyo. Ndagala za Mboko, samaki zetu ndogo, zinaoza, daraja mbovu. Boti ya Kalemie inasimama mbali, tunaingia maji mpaka kifuani na mufuko ya muhogo ku kichwa. Nimechoka.

Bakwe ba Lweba, bazazi ba Atosha, nao bametuma neno. Tarehe 16 jamaa yao inakaa ku shauri. Baba Wilondja, bwana yangu, asipowaletea siku ya kijana kufika, Atosha anaolewa na mwingine. Na mwalimu bado iko Fizi.

Siku ya posho, tarehe 9 Juni

Mimi mujinga.

Salongo asubuhi, ile kazi ya lazima ya serikali, tulifyeka njia ya soko. Kisha nyimbo za chama. Kisha mukubwa wa chama akasema mama Wilondja asome barua ya kijana anayeheshimisha Zaire. Aliniambia jana, kwa hiyo nilivaa kikwembe cha Pasaka. Kufyeka majani na kikwembe cha Pasaka.

Nilisoma vizuri, nilikwama mara mbili tu. Batu bakapiga makofi. Utamu ukaniingia. Nikaongeza yangu. Nikasema: ghuba tuko nayo, muto tuko nao, zahabu iko Lulimba, samaki iko. Bale hawana kitu na banajenga meli. Siye hata mahali pa kufungia boti hatuna. Ni sababu gani?

Kisha Mama Ebuela akapiga kigelegele, na bamama bote nyuma yake.

Mukubwa akanyoosha mukono. "Leta karatasi, sitwayeni," ndivyo chama kinaita mwananchi. Nikatoa zote ine. Akafika ku Kibembe akasimama. Yeye ametumwa hapa kutoka Bandundu, hakijui. "Hii ni ya batu ba mulimani?" Maana yake bale benye bunduki kule juu. Akabeba zote ku biro yake.

Kurasa tatu zingetosha. Ile ya ine nilibeba ili barua ionekane nene.

Siku ya kwanza, tarehe 11 Juni

Nimekaa ku mulango wa biro toka asubuhi mpaka saa sita. Jibu: barua inaenda Uvira kuchunguzwa. Baba Wilondja hanisemeshi toka juzi. Anashona nyavu tu. Afadhali angenitukana.

Siku ya pili, tarehe 12 Juni

Mwalimu amerudi. Sina cha kumupa asome.

Siku ya ine, tarehe 14 Juni

Mukubwa ameniita. Barua haijaenda, kamyo imekwama ku daraja ya Mboko. Akaniambia: tafsiri. Nikasema ukweli, sijui kusoma Kibembe, aitwe mwalimu. Akasema mwalimu ni Mubembe, tutamudanganya pamoja. Nikamuuliza: "Sasa, baba, Kibembe utasomewa na nani, Muchina?" Karani wake akainama chini ya meza kutafuta kalamu ambayo haikuanguka.

Amekubali hivi: kesho mwalimu atasoma, na muzee wa ng'ombe anayeshusha siagi ku soko atasikiliza. Muzee ule kwake banasema Kinyarwanda, lakini Kibembe anakijua kama siye. Basi yeye ndiye shahidi.

Siku ya tano, tarehe 15 Juni

Mwalimu alisoma, akageuza kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Nitaandika vile ilivyokuwa, ingawa naona haya.

"Baba, hii nimeandika kwa Kibembe ili mama asiisome soko muzima. Unamujua. Siku ya kufika kwangu, nimeiandika chini hapa, bakwe baisikie kwanza kutoka kinywa chako, vile desturi inataka. Bakiisikia njiani batasema tumewazarau, batamuzuia Atosha. Mama nampenda, lakini mudomo wake ni redio."

Mukubwa akamugeukia muzee. "Ni kweli imeandikwa vile?" Muzee akasema: "Ni kweli, na mama ndiye huyu." Bakacheka mpaka mukubwa akafuta macho. Mimi peke yangu sikucheka.

Amenirudishia ukurasa wa ine. Zile tatu za Ulsan amebaki nazo, eti za kazi. Karani ameniambia mukubwa ataziweka ku hotuba yake. Muji wa kijana yangu, atausema kama alienda yeye. Sina la kufanya.

Siku ya Mungu, tarehe 17 Juni

Jana tulienda Lweba kwa miguu. Baba Wilondja alisema siku kwa kinywa chake. Mimi nilikaa pembeni na bamama, mikono ku magoti, sikufungua mudomo. Bakwe bamekubali. Atosha alituletea bugali na samaki, hakuniangalia usoni.

Njiani kurudi, Baba Wilondja alinibebea kitunga. Alisema: "Sasa unaweza kusema."

Leo nyuma ya ibada nilisema siku ile mara moja tu, bila kupandisha sauti. Mama Ebuela ameomba yeye apike wali. Nimemukubalia.

Wilondja anashuka na boti ya Kalemie, siku ya posho, tarehe saba mwezi wa saba. Bakwe ba Lweba, jamaa yetu ya Mboko, kanisa yote. Siku hiyo ndiyo banakuja kumupokea.