Kufiwa na Bibi Huko Golden Valley

Jumamosi, Februari 2016

Ningepaswa kuyaelewa mapema macho ya Wanjiru. Nilikuwa kwake Golden Valley, huku ughaibuni, nikisoma kwenye podkasti yake ya fasihi kumbukumbu niliyoandika juu ya bibi yangu, aliyefariki Tanga mwaka jana. Aya ya utoto wangu nilikuwa nimeiondoa ili nisizidishe muda. Nikasoma jinsi alivyokuwa akiniogesha kwenye beseni, na kunichapa mwiko nilipokataa uji.

Wanjiru alishika tama. Nilidhani ni nguvu ya nathari yangu.

"Pole sana, Mwalimu," akasema nilipomaliza. "Lakini hata kama ni bibi yako, kukuchapa na mwiko? Na hukumwambia hata pasta?"

Ndipo nilipokumbuka kwamba kwao Kenya bibi ni mke.

Nilimweleza kwamba kwetu bibi ni mama wa mzazi wako. Alicheka hadi machozi. "Basi turudie, usome 'nyanya'."

Nikamjibu kwamba kwetu nyanya ni ya kachumbari, nami sikuwa tayari kuiombolezea. Nilimwita bibi maisha yake yote. Singembadilishia jina akiwa kaburini. Akakubali: kipindi kitatoka kesho kama kilivyo.

Nilirudi Apple Valley nikijiona mshindi, mpaka nilipokumbuka kwamba nusu ya kanisa letu ni Wakenya, na wote humsikiliza.

Nimemweleza mke wangu. Ametafakari huku akikunja nguo.

"Wakija na rambirambi," ameuliza, "nifungue mlango mimi, au nijifiche?"