Joto la Ukutani

Mérida, Jumanne

Kaka Wilker,

Mvua haijakatika wiki nzima, lakini nguo za watoto zinakauka kwa saa moja kwenye chumba cha mashine, kwa joto lake. Umeuliza kama hiyo mashine uliyotununulia, ya kuchimba sarafu za mtandaoni, inalipa. Kwa nguo inalipa sana. Kwa sarafu, na umeme huu wa kukatika kila siku, ni vijisenti tu.

Umeuliza pia kama Eudomar aliyetuuzia anaaminika. Ndiye baba wa ubatizo wa Yuleisy wangu, sasa niseme nini? Ila nyumba mbili zilizonunua kwake zimevamiwa na polisi mwezi huu, kwa kukosa kibali cha kuchimba, kama sisi. Hata majirani hawakujua zina mashine.

Leo jioni Eudomar alikuja na arepa, mikate ya mahindi, za moto.

“Dada, mashine bado ipo?”

“Niliiuza zamani.”

“Kwa nani? Mbona hukuniambia?”

Nikaongeza sauti ya redio ili asisikie mashine inavyovuma. Akamaliza kahawa yake taratibu, akainuka, akaweka kiganja ukutani.

“Mvua yote hii,” akasema, “na ukuta wako una joto.”

Alipotoka tu niliizima mashine. Nimeshaugusa ukuta mara kumi, na bado haujapoa.

Dada yako,
Nelitza