Kioo Ulichokigeuza

Mume wangu wa zamani, Baba Zaina,

Salamu nimeziweka mwisho, na hutazipenda. Nianze na habari: kamera yako imefika mezani kwangu.

Niliijua kabla sijafungua sanduku lake, kwa lile doa la pasi kwenye kona ya kifuniko ambalo ulinisema kwa ajili yake wiki nzima. Ni ileile kamera kubwa ya mbao, ya kusimama kwa miguu mitatu, yenye mfuko wa ngozi unaokunjuka na kukunjika. Uliinunua kwa mzee wa Fort Portal aliyekuwa anafunga studio yake. Tulirudi nayo Bwera tukiipakata kwa zamu kama mtoto mchanga, na ilipofika zamu yangu hukuacha kuniangalia mikono.

Aliyeileta ni Kambale, Mkongo wa Butembo anayeuza simu na betri pale Bwera. Anataka kuiweka kando ya barabara karibu na Kikorongo, mahali wageni wa mbugani wanaposimama kujipiga picha kwenye mstari wa ikweta, awapige picha za kizamani, kubwa, za karatasi. Mtu anayetaka kununua kamera iliyotumika Kasese hii huambiwa aje kwanza kwenye baraza langu, maana siku hizi kazi yangu ni kutengeneza na kupima kamera. Kambale hakujua kwamba mimi na wewe tulikuwa mtu na mkewe. Na wewe hukujua kamera yako inapelekwa kwa nani, maana ungejua ungeipasua kuni.

"Mama, unipimie hii kamera," aliniambia. "Mwenye kuuzisha anasema iko muzima, lakini miye siko fundi."

Nikamwambia akae. Kazi ya kupima haina haraka, na mimi sikuwa na haraka hata kidogo.

Nilianza na ngozi. Nilijifungia stoo, nikaweka tochi ya simu ndani ya mfuko, nikatazama kama kuna mwanga unaovuja kwenye mikunjo. Hakuna. Ile mikunjo miwili iliyokuwa imetoboka niliiziba mimi, kwa gundi ya kuzibia tairi la baiskeli, na viraka vyangu vimeshika mpaka leo. Nikajaribu mlango wa lenzi. Kwa mwendo wa haraka unafunguka na kufungika vizuri, kwa mwendo wa taratibu unasita, jambo la kawaida kwa umri wake. Kisha nikafika kwenye kile kinachoifanya kamera hii iwe kamera, yaani jinsi lenzi yake inavyoweza kusogea peke yake. Nikaipeleka kushoto na kulia. Nikaiinamisha. Kitufe cha upande wa kulia kilikuwa kinalegea, nikakikaza. Nikaipandisha juu, ikapanda bila kukwama.

Hapo nilikukumbuka kwa wema. Nitakupa haki yako hii mara moja, usije ukasema nilikuandika vibaya tu. Ilikuwa ile siku ya mnara wa msikiti. Wapiga picha wengine waliinua kamera nzima kutazama juu, na mnara ukatoka umelalia nyuma kama unataka kuanguka. Wewe uliiacha kamera imesimama wima, ukapandisha lenzi kwa vidole viwili, na mnara wote ukaingia kwenye kioo, kichwa chini kama kila kitu kwenye kioo kile, lakini umenyooka. Tulikuwa wawili chini ya kitambaa cheusi, shavu kwa shavu.

"Usiinue kichwa ya kamera," uliniambia. "Inua jicho tu."

Nilikupenda siku ile, Baba Zaina, na sioni aibu kulisema. Nilidhani mtu anayejua kuunyoosha mnara hawezi kuwa mtu wa kupinda.

Baada ya lenzi nikafika kwenye kioo cha nyuma. Wanaosoma barua hii na hawajui kazi yetu niwaeleze. Nyuma ya kamera kuna kioo ambacho upande wake mmoja umesagwa ukawa na ukungu, na picha huangukia kwenye ule ukungu. Mpiga picha hutazama hapo mpaka picha iwe kali, kisha huweka filamu mahali palepale. Kwa hiyo upande wa ukungu lazima utazame ndani, kwenye lenzi. Ukiugeuza nje, unapimia mahali pamoja na filamu inakaa mahali pengine. Tofauti ni ndogo mno, lakini kwa kamera hii ndogo hiyo inatosha kuharibu uso wa mtu.

Nikapitisha ukucha kwa nje. Ukakwaruza. Nikaingiza kidole kwa ndani. Laini.

Nilikaa chini. Nilikumbuka jinsi kile kioo kilivyopatikana. Upepo uliangusha kamera harusini Kisinga, kioo kikapasuka, na wewe ukanunua kipande cha kioo cha dirisha ukakisaga mwenyewe kwa mchanga na maji siku mbili nzima juu ya saruji ya uani. Idd ilikuwa inakaribia, ulikifunga kwa haraka. Mimi nilikuwa nakipangusa kioo kile kila asubuhi, nakipangusa upande wa kukwaruza, na sikujua kwamba haifai kuwa hivyo. Ningejulia wapi? Mwalimu wangu ulikuwa wewe.

Basi nikumbushe Idd ile, kama umeisahau. Mama yangu alikuja kutoka Hima na gauni lake la gomesi la kijani na mtandio mweupe ambao hakuwahi kuuvaa. Hakuwahi kupiga picha ya studio maishani mwake. Uliniambia nimpige mwenyewe, na mimi nikaona umeniheshimu. Nilimkalisha mbele ya pazia lenye maua. Nilitazama kwenye kioo mpaka nikawa naona kope zake moja moja. Filamu zilikuwa chache, nikapiga moja tu.

Picha ilipokauka, maua ya pazia yalionekana mpaka uzi. Mama alikuwa ukungu. Hakuwa na macho, hakuwa na mdomo, alikuwa kitu cheupe juu ya kitu cheusi. Aliishika muda mrefu, akaisogeza dirishani, akaitazama tena.

"Pazia imetoka vizuri," alisema.

Hakutaka kuniaibisha. Wewe ulitaka. Wajomba zangu walikuwa sebuleni wakila pilau ya Idd, na wewe ukaingia na ile picha mkononi ukawazungushia wote.

"Mkono yako haina baraka," uliniambia mbele yao. "Kuna mkono inazaliwa nayo, kuna ingine hapana."

Tangu siku ile kila nilichopiga mimi kilitoka ukungu, na kila ulichopiga wewe kilitoka kikali. Kamera ileile, kioo kilekile. Wateja wakaanza kuuliza mlangoni leo anapiga nani. Nilisoma dua, nilifunga, nilikwenda kupima macho, na wewe uliniona nikihangaika. Mwaka haukuisha ukawaita wajomba ukawaambia nimekuharibia kazi, ukanirudisha Hima na Zaina mgongoni. Mama alifariki kabla sijapata mtu mwingine wa kumpiga picha. Tumebaki na ile ndogo ya kitambulisho, ambayo haifanani naye.

Nilipokuwa nimekaa hivyo mbele ya kioo, Kambale aliona sura yangu imebadilika. Akadhani kamera ni mbovu. Akakupigia simu na kuiweka mezani kwa sauti kubwa, akakuambia fundi ana wasiwasi juu ya kioo. Nami nilikuwa nimeinama hapo, pua yangu iko juu ya sauti yako.

"Hiyo kamera iko sawa," ulisema. "Lakini inataka mkono yenye baraka. Kuna mwanamke nilikuwa naye, ilimshinda kabisa."

Nilikuwa naogopa nikifungua mdomo nitatukana, na baraza langu linatazamana na duka la shehe. Kambale alipokata simu nikaanza kuondoa vitu vyote sandukuni kimoja kimoja, ili mikono iwe na kazi. Chini ya kitambaa cha kifuniko kidole changu kikagusa kitu kimebandikwa kwa plasta. Ilikuwa njiti ya kiberiti. Imekatwa kichwa, na ncha ya pili imetafunwa.

Nikaikumbuka. Ilikuwa mdomoni mwako kila unapopiga picha. Ulikuwa unaingia chini ya kitambaa cheusi, unatazama kioo, kisha unaitoa njiti kwenye meno, unaigusisha mbele ya lenzi, kwenye reli ambayo lenzi huteleza juu yake, unazungusha kitufe kidogo, unasema Bismillahi, unapiga. Mimi nilidhani ni mbwembwe. Nilikuwa nakucheka, nawaambia majirani mume wangu anapiga picha kwa kiberiti.

Nikamwomba Kambale akae mbele ya ukuta wa matofali. Nikapiga picha ya kwanza jinsi nilivyokuwa nikipiga mimi. Ya pili nikapiga kama wewe: nilipomaliza kutazama nikaweka njiti kwenye reli, nikaisogeza lenzi mbele kwa unene wa njiti ile, yaani ile tofauti ndogo ya kioo. Kisha nikalegeza skrubu nne, nikakigeuza kioo, nikapiga ya tatu bila njiti. Kugeuza kulichukua muda wa kunywa chai.

Zilipotoka, nikazipanga mezani. Ya kwanza, matofali yamehesabika na Kambale hana uso. Ya pili, Kambale na kovu lake la kidevuni. Ya tatu, vilevile. Nikamweleza yote, tangu Idd mpaka plasta.

Alizitazama kwa zamu. "Kumbe mukono haikukuwa na shida," alisema. "Ule mutu alijua."

Ulijua. Sikulaumu kwa kukigeuza kioo, mtu mwenye haraka hukosea, hata mimi nimewahi kufunga lenzi nyuma mbele. Ila uligundua kosa lako, ukajipimia dawa yake kwa njiti, ukaficha dawa mdomoni. Skrubu nne, Baba Zaina. Ungezilegeza, mke wako angekuwa fundi kama wewe. Hilo ndilo lililokushinda kumeza.

Sasa usikilize nilichofanya, maana nataka ukijue kwa mpangilio.

Kwanza nilitaka kumwambia Kambale kamera haifai. Neno moja langu tu, ingerudi kwako na ungekaa nayo mpaka mchwa waimalize. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini ningekuwa nimesema uongo juu ya kamera ili kumwumiza mtu, na kazi hiyo tayari ina mwenyewe. Kwa hiyo nilimwambia ukweli: ni nzima, mwendo wake wa taratibu unasita, kitufe cha kulia kikazwe kila mara, kioo kilikuwa kimegeuzwa na mwenye nayo kwa miaka na alikuwa anajua. Niliyaandika hayo kwenye karatasi ya upimaji, na jina lako nikaliandika kamili, la kwako na la baba yako. Nikamwomba kitu kimoja, karatasi ile akaitundike Kikorongo penye kamera, mahali wateja wanaposubiri.

Ameitundika. Na Kambale, kama ujuavyo Wakongo wa sokoni wanavyopenda habari, hakuishia hapo. Wapiga picha wa Bwera wote wanazo hizo picha tatu kwenye simu zao. Juzi nilipelekewa kamera nyingine ya zamani, na kijana wa Beni aliyeileta hakuniuliza kama kioo kimegeuka. Aliniuliza, "Mama, hii iko na Twaha ndani, ao haina?"

Ulikuwa unasema unataka jina lako libaki kwenye kazi hii hata ukishazikwa. Limebaki.

Kabla sijamkabidhi Kambale kamera yake, nilimwomba niitumie mara moja. Nilimwita Zaina. Amekuwa mtu mzima, na sijui kama ungemtambua barabarani, maana amemchukua bibi yake mzima mzima, paji la uso, mashavu, hata namna ya kukunja midomo anapozuia kicheko. Nilimvalisha lile gomesi la kijani na ule mtandio mweupe. Nilimkalisha mbele ya lile pazia la maua, ambalo nililichukua Bwera siku uliponifukuza na ukaniita mwizi kwa ajili yake. Nikapiga moja tu, kama Idd ile. Mkono ulikuwa huuhuu.

Kope zake zinahesabika. Pazia nyuma limekuwa ukungu. Niliipeleka Hima, na wajomba zangu, wale wale, waliipokezana, na mkubwa wao akavua kofia na kuniomba msamaha akiwa amesimama.

Nimetoa nakala kwa kila mmoja wao, na kwa Kambale, na kwa shehe wa duka la mbele. Nimetundika moja barazani. Watu nisiowajua wanaomba, nawapa. Wewe ni baba yake, na hutaipata.

Cha kwako ni hiki. Barua hii nimeibandika kwenye mlango wa ile studio yako ya zamani Bwera, mahali wateja walipokuwa wakiuliza anapiga nani, na chini yake nimebandika njiti yako kwa plasta ileile. Salamu nilizokuahidi ndizo hizo. Ukipita, ichukue. Bado ina meno yako.

Ni mimi, yule mwanamke uliyekuwa naye,

Mama Zaina