Gauni limenipasukia kanisani

Sultan Hamud, Jumapili usiku, Mei 1976

Na si mahali pengine, ni mbele ya kwaya nzima! Nimeinua mikono kuimba, gauni langu jipya likapasuka kwapani. Nililishona mwenyewe nikiiga la Mama, ila nilikata karibu sana na mshono ili kibaki kipande cha kushonea kitambaa cha kichwa.

Mama amecheka tu. "Mwiitu, binti yangu, uliangalia nje. Hukugeuza uone ndani."

Nimeligeuza lake sasa hivi. Kila mshono una kitambaa cha ziada, upana wa vidole viwili, kimekunjwa humo. Ndiyo maana kila alipopata mimba alilifumua, akalipanua, na bado linamkaa.

Langu nitalipanua na nini? Kesho nakata kitambaa cha kichwa nilichojifunga leo, nitie kiraka kwapani. Na kwaya yote itajua kiraka kimetoka wapi.