Chai ya Bibi wa Chini ya Tuta

Mama yangu, shikamoo. Goti linaendeleaje? Mvua zimefika Mlali, au bado mnamwagilia nyanya kwa ndoo? Mimi mwili mzima, ila roho iko juu juu. Nimeamua kuandika, maana ni habari ndefu.

Kazi yangu hapa Kanada unaijua. Madini ya potashi, ya mbolea, yakishatolewa mgodini, hubaki mlima wa chumvi isiyotakiwa, na maji yake makali tunayazuia bwawani kwa tuta la udongo. Mhandisi wa tuta hilo ni mimi. Chini yake anaishi bibi mmoja mjane, mfugaji, na kila nikienda kukagua hunikaribisha chai.

Chai yenyewe ina chumvi. Nikasema moyoni ndivyo wanavyokunywa huku, mbona hata kwetu wapo wanaotia chumvi? Nawe ulitulea tusikosoe cha mwenyeji. Nikamaliza kikombe, nikashukuru, nikaongezewa! Safari ya tatu chumvi ilizidi, nikamwuliza kwa upole, "Bibi, chai yenu mnatia chumvi?"

Akanishangaa. "Chumvi? Natia maziwa tu."

Maji ya kisima chake yalikuwa yamebadilika kidogo kidogo, ulimi wake ukazoea. Bwawa langu limepenya chini ya tuta hadi kisimani kwake, nami nimekaa nalinywa kwa adabu. Nikamwambia asiyaguse tena, yeye wala ng'ombe. Nikaamuru pampu zote zinazosukuma maji bwawani zizimwe, na mgodi ukasimama.

Meneja wa mgodi akawa mbogo. Majibu ya maabara kuhusu maji ya kisima yalikuwa bado, naye akaapa kuziwasha asubuhi. "Ukiwa umekosea, funga mizigo urudi kwenu." Sikulala. Alfajiri nilipita kwa bibi, nikamwomba achemshe chai ya maji yaleyale ya kisima, nikaitia kwenye chupa, nikaingia nayo mkutanoni.

"Karibu," nikamwambia, "chai ya jirani yetu."

Yeye hakulelewa na wewe, Mama. Aliitema palepale mezani.

Pampu hazijawashwa. Tunachimba kutafuta penye mpenyo, na bibi analetewa maji kwa lori. Bado sijui kama kisima kitapona. Jana aliniuliza, "Siku ile ya kwanza, mbona hukusema?" Nikachukua ndoo, nikamsaidia kunywesha ng'ombe.

Nisalimie mjomba, mwangalizi wa shamba letu la mlimani, na dada anayeuza vitunguu Dumila. Mwambie Baba Mdogo asiache dawa ya presha.

Uniombee, Mama. Na ukipata jibu la kumpa bibi yule, nitumie.

Mwanao,
Skola